Tusiisingizie Mbingu

Kila ufikapo mwezi wa Januari, mvua inapoadimika na vumbi kutanda katika barabara za Kericho na Bomet, husikika neno moja vinywani mwa wakubwa na wadogo: "Mbingu zimefunga, tufanyeje?" Neno hili lina sura ya unyenyekevu, na kwa sababu hiyo watu hulipokea bila ya kulihoji. Mimi nalihoji. Nasema kwamba ukame hutoka mbinguni, lakini sehemu kubwa ya hasara yake hutoka mikononi mwetu. Na mtu aisingiziaye mbingu kosa la mkono wake hawezi kulisahihisha kosa hilo.

Kwanza tuitazame neema. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mchana kuelekea nyanda za juu za Mau, hupoa, kisha humwaga mvua alasiri karibu kila mwezi wa mwaka. Kwa ajili ya neema hiyo makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, na wakulima wadogo wakafuata, hasa baada ya mwaka 1964 ilipoundwa mamlaka ya kuendeleza chai yao. Mvua ikinyesha, mchumaji hurudi kwenye mchai ule ule kila baada ya wiki moja au mbili, akichuma majani mawili na chipukizi lake. Yamkini wewe usomaye maneno haya umelipiwa karo na jani hilo.

Lakini mvua ina miaka yake ya uchoyo. Mwaka 2008 Kenya ilitoa chai kilo milioni 345. Mwaka 2009, kwa ukame, kilo milioni 314. Mwaka 2016 ilitoa kilo milioni 473. Mwaka 2017, kiangazi kilipokuwa kikali, kilo milioni 440. Watu huita mambo haya ajali. Ajali ni jambo lisilotazamiwa. Jambo lirudilo mara kwa mara si ajali. Ni mgeni ajulikanaye, na mwenye nyumba asiyemwekea chakula hana haki ya kusema kwamba ameshtukizwa.

Wako wasemao kwamba dawa ya mambo haya ni mitambo. Siukatai werevu. Katika miaka ya 1960 ndege zilirushwa juu ya mashamba ya Kericho kutia dawa mawinguni, ili kupunguza mvua ya mawe iliyokuwa ikichanachana majani ya chai. Huko Ulaya, katika milima ya Alps, kuna miji inayoishi kwa wageni wanaokuja kuteleza juu ya theluji. Na theluji ikikosekana, wenyeji huitengeneza kwa mitambo inayorusha maji hewani yakaganda. Lakini mitambo hiyo hutaka maji mengi, nayo hutaka baridi. Baridi isipokuwapo, maji hubaki maji. Kwa hiyo wenye busara miongoni mwao wamejitafutia kazi ya pili: wametengeneza njia za kutembea na za baiskeli milimani, ili mgeni aje hata pasipo theluji. Mashine haimwokoi mtu aliyetundika maisha yake yote katika tawi moja.

Na sisi je? Tumepanda chai mpaka kizingitini, kisha tunanunua unga, maharage na hata sukuma wiki sokoni. Bonasi ikija, huliwa kwa shangwe kama kwamba ni ya mwisho duniani. Mchai ukipogolewa, vijiti na majani ambayo yangefunika udongo na kuuhifadhia unyevu hubebwa kuwa kuni. Penye chemchemi tumepanda mikaratusi, mti unaokunywa maji bila ya kushiba, kwa kuwa kuni zake zina soko viwandani. Hivyo tunakausha chemchemi ili tukaushe chai! Zaidi ya hayo, mwaka 2001 serikali yenyewe iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi ya misitu ya Mau, iliyo mama wa mito yetu. Simlaumu maskini aliyepewa kipande akalima. Nawalaumu waliogawa wakijua. Bandu bandu huisha gogo.

Kuna jambo la kuumiza zaidi. Majani yanapopungua, bei katika mnada wa Mombasa aghalabu hupanda, kama ilivyopanda mwaka 2017. Basi ukame hauwapigi wote kwa fimbo moja. Mwenye chai ghalani huweza kuuza kwa faida. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hurudi na kikapu nusu na ujira nusu, na mtoto wake ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Haki yataka kwamba katika miaka minono kila kiwanda na kila shamba kubwa litenge fedha za kuwafaa wachumaji katika miezi ya njaa. Jambo hili si sadaka. Mikono iliyojaza ghala ina sehemu yake katika ghala.

Nitaulizwa: mkulima mwenye nusu ekari atapata wapi nafasi ya mahindi, na aliye na deni ataweka akiba gani? Ni swali la haki, nami silipuuzi. Hata hivyo, kuacha vijiti shambani baada ya kupogoa hakugharimu shilingi. Kujaza mapengo kwa miche inayovumilia ukame, ambayo watafiti wa chai wa Kericho wamekwisha kuitoa, si kazi ya tajiri peke yake. Bustani ya mboga nyuma ya jiko haihitaji ekari. Na kidogo kinachowekwa kila mwezi wa malipo ni kikubwa kuliko kingi kinachokusudiwa. Akiba haiozi.

Ninyi wanafunzi mtarithi vilima hivi, na vitabu vyenu vimekwisha kuwaambia kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika. Msirithi pamoja navyo lile neno la Januari. Mzee akisema, "Mbingu zimefunga; tufanyeje?" mjibuni kwa heshima: "Mzee, tulifanya nini zilipokuwa wazi?" Ukame haushindwi katika mwezi wa ukame. Hushindwa mwezi wa Mei, wakati mvua inanyesha, vikapu vimejaa, na hakuna mtu anayetaka kusikia habari zake.