MBIO ZA SIKUKUU HUKO KILELENGWANI

Mara nyingi nimeulizwa kwa nini mtu wa makamo, mwenye mke na watoto, huamka alfajiri akakimbia barabarani na hali hakuna anayemfukuza. Jibu langu huwa fupi: napenda. Mimi ni mkimbiaji wa ridhaa, silipwi na mtu, na katika mashindano yote niliyoingia sijapata kuvaa nishani ila ile apewayo kila amalizaye.

Wako wasemao kuwa mbio ni kazi ya watu wa bara, wazaliwa wa milimani penye baridi. Hao wamemsahau Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, aliyeipatia Kenya medali mbili za dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962, mbio za yadi 100 na za yadi 220. Lakini nakiri kuwa jua letu si la mchezo. Mwezi Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanywa Mombasa, nami nilikuwa miongoni mwa watazamaji. Joto liliwashinda wengi, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda kila mwaka tangu 2002, akatoka njiani, na ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea. Tangu siku hiyo sikimbii tena jua likiwa juu. Desturi yangu ikawa ni alfajiri, na alfajiri ndiyo iliyonitia makosani.

Idi ya Mfunguo Mosi ya mwaka 2023 tulikwenda kuila Kilelengwani kwa wazee wa mke wangu: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na rafiki yangu mmoja ambaye hukimbia nami Mombasa. Kutoka Malindi kwenda Garsen nchi hubadilika; minazi huisha na miiba huanza, hata ukaliona daraja la Mto Tana na maji yake ya rangi ya udongo. Mto huu ndio mrefu kupita yote ya Kenya, na kabla ya kuingia baharini hutawanyika ukafanya vinamasi, malisho, miembe na mashamba ya mpunga. Mwaka 2012 nchi hiyo ilitiwa katika orodha ya Ramsar, ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa ulimwengu mzima. Humo ndimo ilimo Kilelengwani.

Siku ya Idi yenyewe sina haja ya kuieleza. Tulisali, tukala, tukazungushwa nyumba kwa nyumba tukala tena, hata rafiki yangu akasema kuwa mbio zake za mwaka huo zimekwisha.

Idi pili nikaamka kabla ya saa kumi na mbili, nikavaa viatu vyangu vya raba, nikamwacha rafiki yangu amelala. Nilikwenda kama maili moja, hewa ya mto ni baridi na nzuri, nikageuka nirudi. Karibu na nyumba za kwanza mama mmoja alikuwa akipanda kutoka mtoni, ndoo kichwani na mtoto kando yake. Aliponiona naja mbio katika mwanga ule hafifu, aliitupa ndoo, akamnyakua mtoto, akaingia vichakani. Nikasikia mlango ukitiwa komeo. Mtu akapiga ukelele, na ukelele ukajibiwa upande wa pili. Mimi nilidhani nafuatwa na kiboko, nikatazama nyuma.

Baba mkwe alinikuta barabarani, kikoi kiunoni, bakora mkononi. Hakunigombeza. Alinishika mkono kama ashikwavyo mtoto, akaniongoza nyumbani, na njiani akawa akiwaambia watu kwa sauti, "Ni mkwe wangu huyu, ni mkwe wangu." Tulipoketi akasema, "Mwanangu, hapa mtu akikimbia alfajiri hatuulizi anakwenda wapi. Tunauliza anakimbia nini."

Habari yenyewe niliijua, kwa maana ilienea nchi nzima. Ila sikuwa nimeijua kwa miguu. Wafugaji wa nchi ile hutaka njia ya kuwafikisha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, njia ambayo huko huitwa malka, na wakulima hutaka mazao yao yasikanyagwe. Ugomvi huo ni wa zamani. Mwezi Agosti 2012 uliwaka, watu wengi wakauawa Riketa. Kisha alfajiri ya Jumatatu tarehe 10 Septemba mamia ya watu wenye silaha wakaingia Kilelengwani. Waliuawa watu 38, na 9 katika hao walikuwa askari polisi. Watoto walikuwamo. Nyumba zilitiwa moto, na Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Waliookoka siku ile waliokolewa na mbio, wala hapana aliyewapigia makofi.

Mchana nilikwenda kwa yule mama pamoja na mke wangu, tukiwa na ndoo mpya. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akajibu, "Hukunikosea, baba, wewe ni mgeni. Mimi nilidhani nimesahau, kumbe miguu haijasahau." Kisha akacheka kidogo, akaniambia kuwa nikitaka kukimbia nikimbie jua likionekana, na watoto wanifuate, ili kila mtu ajue kuwa ni mchezo.

Basi Idi tatu, baada ya sala ya alasiri, tukafanya hivyo. Shemeji yangu alipiga mstari mchangani kwa fimbo, akaweka mwembe mmoja kuwa ndio mwisho. Walikuja vijana wa mashambani, na vijana waliokuwa wakichunga upande wa pili wakaacha ng'ombe kwa wadogo zao wakaja nao. Tulikimbia mara tatu kwenda na kurudi. Aliyeshinda ni mchungaji mmoja, yamkini wa miaka kumi na minne, peku, na fimbo yake hakuiweka chini mwanzo hata mwisho. Wa pili alikuwa mtoto wa mkulima, naye akalalamika sana kuwa fimbo ile ilimziba njia. Wakabishana juu yake mpaka magharibi, kisha wakaenda kula halua kwetu. Mimi nilikuwa wa saba. Rafiki yangu sitamtaja alikuwa wa ngapi.

Sisemi kuwa mwembe na mstari vitamaliza neno la malka. Hilo lataka wazee, Serikali na mvua. Ila niliwaona watu wazima wamesimama mbele ya nyumba zao wakitazama watu wakikimbia, na milango i wazi nyuma yao. Yule mama alikuwa chini ya mwembe na ile ndoo mpya, akitugawia maji kwa kata.

Kesho yake gari letu la kwenda Garsen lilikuwa la alfajiri, nasi tulichelewa. Watoto walitaka tukimbie tuliwahi. Nikawakataza, tukaenda kwa miguu polepole, tukiwatolea salamu tuliokutana nao gizani, na dereva akatungoja.