Maji ya Kunywa Katika Nyumba ya Magurudumu

Mwezi huu tutazame jambo la watu wa Marekani. Wengi wao husafiri pamoja na jamaa zao katika tela lililofanyizwa kama nyumba, likivutwa nyuma ya motakaa. Ndani yake mna vitanda, jiko na tangi la maji. Leo wako hapa, kesho wako mbali, na kila wafikapo kambini huunga mpira wao katika bilula ya pale, wakateka maji. Basi, mwenye nyumba iliyosimama huyajua maji yake, lakini mwenye nyumba ya magurudumu hunywa kila mara maji asiyoyajua. Kwa hiyo chujio kwake si pambo, bali ni ulinzi wa watoto wake.

Je, achague lipi? Wengi hununua lile la bei kubwa, wakidhani ya kuwa bei ndiyo ubora. Sivyo. Machujio hayafanyi kazi moja, na yampasa mnunuzi kujua kwanza ni kitu gani anachotaka kukitoa majini.

Lipo chujio la kuzuia mchanga na kutu. Tundu zake hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja katika elfu ya milimita, na lile la maikroni 5 hutumika sana. Hili hulinda pampu na bilula, wala halimlindi mtu na ugonjwa. Lipo la makaa yaliyotengenezwa kwa kazi hii, nalo huondoa harufu na ladha ya klorini. Tena yapo yenye tundu ndogo zaidi. Kijidudu kiitwacho Cryptosporidium kina upana wa maikroni 4 hata 6, basi kwa huyo yatakiwa chujio lililothibitika kuzuia kila kitu kizidicho maikroni 1. Bakteria wengi ni wadogo kuliko hapo, na virusi ni wadogo mno. Hao huuawa kwa klorini au kwa moto.

Msidhani kwamba hii ni hofu tupu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Jirani zao wa Altona walikunywa maji ya mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini ulikoshuka uchafu, lakini walipona kwa sehemu kubwa, maana mji wao ulichuja maji kwa mchanga. Na mwaka 1993, huko Milwaukee, Marekani, maji yalitiwa klorini kama desturi, ila mchujo wa mtambo mmoja haukufanya kazi vema. Cryptosporidium hastuki kwa klorini. Akapita, na watu kama 400,000 wakaugua tumbo, na wengine waliokuwa dhaifu wakafa. Twaona basi ya kuwa chujio na dawa husaidiana, wala kimoja hakitoshi mahali pa chenzake.

Hapo pana mtego ambao wengi hawauoni. Mtu huweka chujio la makaa nje, kabla ya tangi, akifurahi kupata maji matamu. Lakini makaa yameondoa klorini, na maji yale yakikaa siku nyingi tangini katika joto hayana tena mlinzi, na vijidudu huzaliana humo. Heri aweke nje lile la kuzuia mchanga tu, na la makaa aliweke ndani, chini ya bilula ya kunywea. Hivyo klorini italinda tangi, nayo itaondolewa maji yafikapo kikombeni.

Mambo mengine ya kushika ni haya. Kwanza, asome alama: NSF/ANSI 42 yahusu ladha na klorini, na 53 yahusu mambo ya afya, kama risasi na vijidudu vya namna ya Cryptosporidium. Tena aangalie ni kitu gani hasa kilichoandikwa, kwa kuwa chujio lenye alama ya 53 si lazima lizuie yote. Pili, kabla ya chujio afunge kifaa cha kupunguza nguvu ya maji, hata ratili 40 au 50 kwa inchi ya mraba, lisije likapasuka. Tatu, mpira uwe wa maji ya kunywa, si wa bustani. Nne, asafishe tangi kwa robo kikombe cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwa kila galani 15, aiache saa kadha wa kadha, kisha amwage na kusuuza hata harufu iishe. Wakati huo chujio litolewe. Tano, abadili chujio kwa wakati wake, na lililoganda kwa baridi asilitumie tena, maana huenda limepasuka ndani.

Na akifika mahali ambapo maji yana mashaka, jiko analo. Maji yakichemka dakika 1, au dakika 3 katika nchi iliyo juu ya futi 6,500, vijidudu vimekufa. Ila risasi haiondoki kwa moto. Maji ya namna hiyo asiwape watoto, bali atafute mengine.