Pete ya kwenye simu na dhahabu ya bibi

Juma hili ukurasa wetu wa kazi za mikono unazungumza juu ya pete, heleni na mikufu inayochongwa kwanza ndani ya kompyuta, kisha inatoka kuwa fedha, shaba au dhahabu ya kuvaa.

Siku moja binti aliyesoma kompyuta mjini anakuonyesha pete inayozunguka kwenye kioo cha simu, na ndani yake jina la ukoo limechorwa. Kisha anaomba mkufu wa zamani wa bibi yake ili uyeyushwe. Mama, usikatae upesi, wala usikubali upesi. Kazi hiyo ni ya kweli, lakini ina hesabu yake, na asiyeijua anaweza kutoa mkufu mzito akarudishiwa pete nyepesi huku akishukuru.

Kwanza ujue namna inavyofanyika. Katika programu kama Blender, ambayo hailipiwi, kijana anachonga kama anayefinyanga udongo: anavuta, anabonyeza, anakata. Faili lake linapelekwa kwenye printa ya pekee inayojenga pete ile kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kwa nta au kwa resini. Pete hiyo ya nta inabandikwa kwenye kishina, pengine pamoja na nyingine nyingi hadi inafanana na mti wenye matunda. Mti unawekwa ndani ya kopo la chuma, unamwagiwa plasta isiyoogopa moto, na plasta ikishika kopo linaingia katika tanuru. Joto linapandishwa polepole kwa saa nyingi, hadi zaidi ya nyuzi 700. Nta inayeyuka na kuungua yote, na ndani ya plasta panabaki nafasi tupu yenye umbo la pete. Hapo ndipo sonara, yule tunayemwita bijutiye, anamimina dhahabu iliyoyeyuka. Baadaye plasta inavunjwa, kishina kinakatwa, na pete inapigwa msasa hadi ing'ae.

Kusubu kwa nta si jambo jipya katika Afrika. Mafundi wa Benin na wa Asante walifanya hivyo karne nyingi zilizopita kwa nta ya nyuki na udongo. Huku kwetu Kongo, watu wa Katanga walimimina shaba katika kalibu wakapata ile misalaba iliyotumika kama pesa. Kompyuta imechukua nafasi ya vidole vinavyochonga nta, basi. Moto, kalibu na jicho la fundi vimebaki vilevile. Na hiyo kompyuta nayo ina kitu cha kwetu ndani: kolta kama ile ya Rubaya inatoa tantali ya simu na kompyuta, na kasiterite kama ile ya Bisie inatoa bati linaloshikanisha vipande vyake.

Sasa hesabu. Nta ni nyepesi: sentimeta moja ya ujazo ina uzito wa karibu gramu moja. Kwa hiyo pima pete ya nta kwenye mizani ndogo, kisha zidisha. Ukitaka shaba ya njano, zidisha kwa 8 na nusu. Fedha, kwa 10 na kidogo. Dhahabu ya karati 18, kwa 15 na kidogo. Pete ya nta yenye gramu 0.6 itakuwa na gramu 5 hivi za shaba, gramu 6 za fedha, au gramu 9 za dhahabu. Kama pete ni ya resini, hesabu hii inapotoka kidogo kwa sababu resini ni nzito kuliko nta. Hapo mwambie kijana asome ujazo katika programu yake: kila milimeta 1000 za ujazo ni sentimeta moja, na unazidisha vilevile. Maana yake ni kwamba unaweza kujua uzito wa pete kabla moto haujawashwa, wakati mkufu ungali mkononi mwako. Ikiwa ni nzito mno kwa mfuko wako, kijana anaweza kuipunguza unene au kuitoboa upande wa ndani.

Asipunguze kupita kiasi, lakini. Kwenye kioo kila kitu ni kikubwa kama sahani, na vijana wanachora majani na nywele ambazo dhahabu haiwezi kufika. Sehemu nyembamba kuliko milimeta moja hivi inaleta mashaka: dhahabu inaweza kupoa kabla ya kujaza nafasi, au pete ikapinda baada ya mwezi. Tena metali ikipoa inajikunja kidogo, na msasa unakula kidogo, kwa hiyo pete ichorwe pana kuliko kidole. Mama anayefua nguo na kulima anahitaji pete nene yenye ukingo laini, hata kama picha ya nyembamba inapendeza zaidi.

Kwa sonara, fahamu kwamba pete ya gramu 9 haisubiwi kwa gramu 9. Kishina nacho kinajaa, kwa hiyo ataomba zaidi, na anayo haki. Lakini kile kishina ni mali yako. Mkufu upimwe mbele ya macho yako, uzito uandikwe kwenye karatasi pamoja na karati zake, na siku ya kuchukua mpime pete na mabaki pamoja. Kitakachopungua ni kile kidogo kilicholiwa na msasa na moto. Fundi anayekasirika kwa sababu umeomba karatasi, mwachie mkufu wa mwingine. Uliza pia alama: 750 iliyogongwa ndani ya pete inamaanisha sehemu 750 za dhahabu katika 1000, ndizo karati 18.

Wanaotaka kujifunza wasianze na dhahabu. Bati safi linayeyuka kwenye nyuzi 232, hata mbabula ya makala inatosha, wakati dhahabu inataka nyuzi 1064 na shaba nyekundu 1085. Mama wa Walikale asidhani kwamba ataweka kasiterite juu ya mbabula apate bati. Jiwe lile linataka tanuru kali. Bati ni la kununua, likiwa limekwisha kusafishwa. Na asiye na kompyuta achonge nta ya nyuki kwa kisu na sindano. Mkono unaojua nta utachora vizuri zaidi siku kompyuta itakapopatikana.

Hapa ninasema kwa ukali kidogo: kazi ya kuyeyusha isifanyike jikoni, wala karibu na watoto au mama mwenye mimba. Risasi ya betri ya gari ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Isiyeyushwe kamwe, hata ikiwa rahisi kupatikana. Dhahabu mbichi ya machimbo inaweza kuwa na zebaki, na moshi wake hauonekani wala haunuki. Sufuria iliyoyeyusha bati haipiki tena sombe. Plasta yenye maji ndani, ikikutana na metali ya moto, inalipuka. Vumbi lake kavu linaharibu mapafu, basi vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini na ulowanishe kabla ya kufagia.

Kwa kikundi cha AVEC, mimi naona ni afadhali mlipie kijana mmoja au wawili masomo ya kuchora na mizani nzuri, kuliko kununua printa na tanuru mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka. Mchoro ufanyike huku, kusubu kufanyike mjini. Na faili la pete mtakayolipia liwe lenu: liwekwe kwenye simu mbili na kwenye flashi moja. Shapeways, kampuni kubwa ya kuchapisha vitu vya namna hii kwa watu wa dunia nzima, ilifilisika mwaka 2024. Faili likiwa mkononi mwenu, hata fundi akihama, pete ya bibi inaweza kusubiwa tena kwa mjukuu wa pili, na wa tatu, kwa kipimo cha kidole cha kila mmoja.