Ghuba ya Ha Long ina wenyewe

Tukisikia Ha Long, Vietnam, wengi wetu tunakumbuka picha ile ile: visiwa vya mawe ya chokaa vimesimama baharini, na meli ya starehe ikipita katikati polepole. Kukaa humo siku tatu kuna raha yake, wala siipingi. UNESCO iliitia ghuba hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, na uzuri wake hauna ubishi.

Ninachopinga ni kuiuza kama bahari isiyo na wenyewe. Katika vijiji kama Cua Van na Vung Vieng, familia za wavuvi zilizaa na kulea watoto juu ya maji, katika nyumba zinazoelea. Mwaka 2014 serikali ilizihamishia nchi kavu. Sababu zake zina uzito: masomo ya watoto, dhoruba, uchafu wa maji. Lakini meli za watalii, ambazo nazo huchafua maji hayo hayo, zilibaki. Baadhi ya waliohamishwa hurudi kufanya kazi ya kuwapigia wageni makasia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi anayeweza kwenda na aende, lakini kabla ya kulipa aiulize kampuni mambo mawili: maji machafu ya meli humwagwa wapi, na mpiga makasia hulipwa kiasi gani? Ikikosa jibu, atafute nyingine. Fedha yetu ndiyo sauti pekee tuliyo nayo huko.