Nyama si ya sufuria tu



Mwaka jana, wakati wa kiangazi, kamati yetu ya sendika ilichanga pesa, tukakodi bisi moja, tukapeleka watoto wa kambi kuona zoo ya Lubumbashi. Mtoto mmoja wa miaka saba alisimama mbele ya kabuluku, akaiangalia muda mrefu, kisha akavuta mkono wa baba yake: «Papa, ile nyama banaiuzishaka wapi?» Watu wote wakacheka. Baba yake hakucheka. Ni mtu wa miaka 15 ya kazi kwenye mine. Wakati wa kurudi alikuja kukaa karibu na mimi ndani ya bisi, akaniambia kwa sauti ya chini: «Delege, hata miye ni mara ya kwanza kuiona nzima, na miguu yake yote ine.»

Maneno hayo yamebaki ndani ya kichwa changu. Katika Kiswahili chetu neno ni moja tu: nyama ya pori na nyama ya sufuria, yote ni nyama. Lakini mtu ambaye anajua ile ya sufuria tu, siku ile ya pori itakapokwisha, hatajua ni nini amepoteza.

Tuseme kweli. Sisi watu wa mukuba tunaishi karibu na mapori makubwa ya inchi hii, na hatuyajui. Upande wa kaskazini-mashariki ya Lubumbashi kuko parke ya Kundelungu, iliyowekwa mwaka 1970. Mule mto Lofoi unaanguka kutoka juu ya mlima, zaidi ya metre 300 mara moja, kati ya maporomoko marefu ya Afrika nzima. Kaskazini ya Likasi kuko Upemba, parke ya tangu mwaka 1939. Zamani ilikuwa na kilometre za mraba 17.730, mwaka 1975 ikapunguzwa, ikabaki 11.730. Ndiko kunabakia punda milia wa mwisho wa Kongo. Watu wa Kolwezi nao wana Basse-Kando, na viboko vyake, karibu kabisa na milango ya mine.

Sasa uliza kikundi chako cha kazi: nani amekwisha kufika? Utaona mikono haipandi. Wanaofika ni wakubwa wa kompani na wageni wenye motokari za magurudumu ine. Tunawaona Jumamosi asubuhi wanatoka na hema na barafu, Jumatatu wanarudi na picha. Na sisi tunasema: «Kule ni kwa bazungu.» Nani alituambia hivyo? Pori ni ya taifa. ICCN, ambayo inalinda parke zote za inchi, ni kazi ya serikali yetu.

Najua kuko wenye watanikemea. Mama mmoja wa kambi alishaniambia: «Weye delege, shiye tuko na njala, na unatushimulia habari ya kuangalia nyama?» Mama, una haki. Mshahara haufike mwisho wa mwezi, na mtoto akifukuzwa kwa masomo juu ya minervali, hakuna baba atawaza Lofoi. Sisemi tuache kupigania mshahara. Nasema pumziko nalo ni sehemu ya mapigano yale yale.

Angalieni wazee wetu. Union Minière iliwanyima sauti, hilo hatusahau. Lakini iliwapa posho, nyumba ya matofali, uwanja wa mpira na sinema ya kambi, kwa sababu ilijua kama mtu asiyepumzika hachimbe vizuri. Leo kijana wa sous-traitance anafanya kazi siku kumi na mbili, analala mbili, anarudia. Kongé yake iko ndani ya sheria lakini haiko ndani ya mkataba wake. Pumziko lake ni chupa ya pombe mbele ya lango la kambi. Kisha tunashangaa kwa nini wanawake wetu wanalia na kwa nini ajali ni nyingi siku ya kwanza ya kazi.

Kuko sababu ya pili, nayo ni ya tumbo. Samaki unayokula na bukari, wengi wanatoka Bukama na Kikondja, katika maziwa ya Upemba na Kisale. Umeme wa kwanza mkubwa wa mine zetu ulitoka Mwadingusha mwaka 1930, kwa maji ya Lufira, na Lufira inanywa mito inayoshuka kutoka Kundelungu. Bonde la Lufira lina pori ambalo UNESCO ililiandika tangu mwaka 1982. Kwa hiyo mtu akikata miti yote kule juu kwa kuchoma makala, au kompani ikimwaga maji yake machafu ndani ya mto, hawaharibu «mambo ya bazungu». Wanatia mkono ndani ya sahani yako.

Na hapa sisi wenyewe hatuko wasafi. Makala inayopika bukari ya Lubumbashi inatoka wapi? Nyama iliyokaushwa, inayouzwa kando ya barabara, inatoka wapi? Tunanunua bila kuuliza. Hata sokwe wachanga wanauzishwa. Ni kwa ajili yao watu wenye huruma walifungua nyumba ya J.A.C.K. pale Lubumbashi mwaka 2006, kwa kulea wale waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara. Mwezi wa 9 wa mwaka 2022 wezi waliingia hata mule, wakaiba watatu wachanga na kuomba pesa, sawasawa wanavyofanya kwa watoto wa watu. Mwenye kununua ndiye anamlipa mwizi.

Kuko pia jambo la makaratasi. Sheria ya mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe, pamoja na Code minier, zinakataza kuchimba ndani ya pori zilizolindwa. Lakini Basse-Kando permi za mine zimepandana na mipaka ya pori, na mabishano yake yanajulikana na kila mtu wa Lualaba. Sisi wachimbaji tunashikwa katikati. Mkubwa anatuambia: «Pori ikilindwa, kazi yenu inakwisha.» Ndugu, tusikubali kufanywa ngao. Mine ina miaka 20 au 30, kisha inafungwa, na wenye permi wanapanda ndege. Kiboko akiachwa na mto wake anaweza kuona mjukuu wa mjukuu wako.

Tusisahau tena walinzi wa pori. Wale ni wafanyakazi kama sisi. Wanalala mupori, wanaenda na bunduki mbele ya watu wenye bunduki nyingi kupita zao. Virunga peke yake wamekufa zaidi ya 200. Upemba nayo imezika wake. Wakidai mshahara wao na posho ya wajane, sendika ya mine inapashwa kusimama pembeni yao, kwa sababu kilio cha mjane wa mlinzi na kilio cha mjane wa mchimbaji ni kimoja.

Basi tunaomba nini? Mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza: katika mazungumzo ya konvansyo kolektivu, kila delege atie juu ya meza bisi moja ya familia kila mwaka kwa kila sekta ya kazi. Zoo kwa wadogo, Kundelungu au pori iliyo karibu kwa wakubwa. Na vijana wa sous-traitance waingie ndani ya bisi hiyo hiyo, pasipo kuchagua rangi ya kasketi.

La pili: tangu Code ya mwaka 2018, kompani inapashwa kutoa 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoguswa na mine. Pale ambapo vijiji hivyo viko njiani kuelekea pori, wakaaji wenyewe wakae pamoja na kuuliza: barabara nzuri, pahali pa kulala wageni, kijana wa kijiji wa kuonyesha njia, si ni maendeleo? Mwenye kupata franka kwa mgeni aliyekuja kuona punda milia hatafuti tena kumuua.

La tatu: kila delege aulize mkubwa wake waziwazi: permi yetu inagusa pori iliyolindwa, ndiyo ao hapana? Kuuliza si kosa.

Na wewe ambaye utaamua kwenda bila kungojea mtu, sikia mashauri machache. Pitia kwanza ofisi ya ICCN, uulize njia, bei na usalama wa wakati huo. Usiingie kamwe bila mlinzi. Maporomoko ya Lofoi yanapendeza mvula zikiisha tu, mwezi wa 4 ao wa 5, maji yakiwa bado mengi. Mwisho wa kiangazi yanabakia kama uzi. Wakati wa mvula yenyewe usijaribu, motokari itakwama na utalala mupori. Chukua maji, bukari na samaki vya kutosha. Plastiki uliyoenda nayo, urudi nayo.

Yule mtoto wa miaka saba, siku ile kabla ya kupanda bisi, alirudi kwenye kabuluku mara moja tena. Akaniuliza: «Tonton, kesho atakuwa angali hapa?» Nilimjibu ndiyo. Ndugu zangu, nilijibu kwa jina lenu. Msinifanye kuwa mwongo.