Kijiji cha Wavuvi si Picha ya Ukutani

Si jambo la ajabu siku hizi kwa mtu wa bara, akiwamo askari aliye katika likizo, kusafiri hadi pwani ili kuitazama bahari. Jambo hilo twalisifu. Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: mtu afikapo kwa mashua katika kijiji cha wavuvi, huona nini? Na wanakijiji nao humwona vipi?

Tuchukue mfano wa Wasini, kisiwa kidogo kilicho kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Msafiri hupanda mashua Shimoni, akavuka mkondo mwembamba wa bahari na kushuka kwenye kijiji cha Wavumba. Hakuna magari kisiwani. Vichochoro ni vya kwenda kwa miguu, na nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Penye diko, mashua zimelala ubavu maji yakipwa, nyavu zimeanikwa, na malema yangoja kutegwa. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe yaliyoachwa wazi na bahari, pamoja na mikoko, na wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu yake. Mgeni hulipa ada ndogo, nayo husaidia, pamoja na mambo mengine, karo za watoto. Kwa kweli ni mahali pa kupendeza.

Lakini uzuri huo una wenyewe, na una gharama. Kisiwa hakina mto, na kwa vizazi vingi watu wake wameishi kwa kukinga maji ya mvua. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na mwenye chombo kidogo hulazimika kukaa pwani huku watoto wakingoja kitoweo. Tena, tangu miaka ya 1970, maji ya Kisite yaliyo jirani yamekuwa hifadhi ya taifa. Humo kuvua ni marufuku, na katika hifadhi ya Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa asili tu. Hifadhi hiyo imewaletea watalii na kuyalinda matumbawe; lakini mvuvi ambaye babu yake alivua humo bila kuuliza mtu, leo hupita akitazama tu.

Tena pale Shimoni pana pango ambamo, kama wenyeji wasimuliavyo, watumwa walifungiwa kabla ya kupakiwa majahazini. Watu wa pwani hii, basi, wanakumbuka vema kwamba si kila aliyekuja kwa chombo alikuja kwa heri. Ndiyo maana mgeni mstaarabu hupiga hodi, huamkia wazee, huvaa mavazi ya heshima, na hapigi picha ya mtu bila idhini.

Jambo hili latuhusu sana sisi tunaoandika na kusoma ukurasa huu, kwa sababu nasi tunayo madiko yetu katika Ziwa Viktoria. Mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda walipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu. Sababu ilikuwapo: sangara wachanga, wasiofikia hata urefu wa sentimita 50 unaotakiwa na kanuni, walikuwa wakimalizwa kwa nyavu zisizo halali. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetetea kuliwa kwa mbegu ya kesho. Hata hivyo, malalamiko ya wavuvi kupigwa na mitumbwi kuchomwa moto yalifika hadi Bungeni.

Wako watakaosema kwamba sheria haibembelezi, na kwamba mhalifu akipewa nafasi hutoroka na maji. Twakubali kwamba sheria haina budi kutekelezwa, na wavu haramu haustahili kuonewa huruma. Lakini aliyevunja sheria ana jina lake, na mahakama ipo. Mtumbwi wa jirani yake asiye na kosa ukiteketea, hapo sheria haikutekelezwa, ameonewa raia. Askari apigaye watu kumi ili kumpata mmoja huondoka na huyo mmoja, akaacha nyuma maadui tisa.

Tena ni hasara kwa ulinzi wenyewe. Nani ajuaye chombo kigeni kilichotia nanga usiku? Nani ajuaye mahali magendo yapitapo? Ni mvuvi, aliyekuwapo majini kabla ya alfajiri. Doria haiwezi kuwa kila mahali. Mvuvi yuko kila mahali. Naye hatamwambia neno mtu anayemwogopa.

Wahenga walinena kuwa mgeni ni kuku mweupe. Basi mgeni mwenye sare na bunduki huonekana zaidi kuliko wote, na kila atendalo hukumbukwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo twawasihi askari wetu, wa jeshi na wa polisi: mkishuka chomboni, iwe Wasini kwa mapumziko au ziwani kwa kazi, ulizeni kwanza wazee wa diko. Lipeni bei ya samaki kama wanunuzi wengine. Mkimkamata mkosaji, mpelekeni mbele ya sheria akiwa mzima. Mkifanya hivyo, siku mtakaporudi watu hawatakimbilia vichakani. Watakuja kupokea kamba ya mashua yenu.