Baisikeli Yako Inasema Nini?



Baisikeli, au kinga kama wengi wetu tuiitavyo huku Kongo, haikai nyumbani kama pambo. Kisangani vijana hulisha jamaa zao kwa kupakia watu juu ya toleka. Pande za Lubumbashi wauza makala hutoka porini wakiisukuma chini ya magunia yanayopita vichwa vyao. Na vijijini ndiyo inayofikisha muhogo sokoni na mgonjwa kwenye zahanati. Siku baisikeli inapolala, pato la nyumba limelala pamoja nayo. Kwa hiyo baba wa nyumba akisikia mlio mgeni huingiwa na hofu, naye hukimbilia nyundo. Hapo ndipo ubovu mdogo unapogeuka kuwa mkubwa.

Kuna kazi inayotangulia nyundo na ufunguo, nayo ni kutafuta chanzo. Baisikeli haifichi maradhi yake. Huyasema waziwazi, mradi awepo mtu wa kuisikiliza.

Ipande mahali tambarare pasipo kelele, kisha uiulize hivi. Je, mlio husikika unapokanyaga tu, au hata ukiacha kukanyaga na kuiacha iende yenyewe? Ukinyamaza mara miguu ituliapo, basi ubovu uko katika pedali, katika mikono ya pedali, au katika mnyororo. Ukiendelea, shaka ni juu ya magurudumu, yaani vitovu, spoki, tairi, au breki inayogusa rimu.

Sasa hesabu. Wanafunzi watalipenda jambo hili. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44, na lile dogo la nyuma lina 18. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na karibu nusu. Mnyororo nao ni mvivu: ukiwa na pingili 112, hurudi mahali pake baada ya pedali kuzunguka mara mbili na nusu hivi. Basi, ukisikia “ko” moja kwa kila mzunguko wa pedali, usiguse gurudumu. Tazama pedali na mkono wake. Ukisikia mbili au tatu katika mzunguko mmoja, ni gurudumu: pengine tairi limevimba mahali, au spoki imelegea. Na ikiwa baisikeli yaruka kidogo mara moja tu baada ya mizunguko miwili au mitatu ya pedali, iko pingili moja iliyokaza katika mnyororo. Izungushe pedali nyuma polepole kwa mkono, utaiona ikikataa kupinda inapotoka kwenye meno.

Ile “ko” ya kila mzunguko mara nyingi hutoka kwenye kabari ya chuma inayoshika mkono wa pedali. Shika mikono yote miwili, uisukume kwa kupingana. Ukiona mmoja unacheza hali mwingine umetulia, kabari imelegea. Usiendelee kuipanda hivyo hata siku mbili, maana kabari iliyolegea hula tundu la mkono wa pedali, na badala ya kununua kabari utanunua na mkono. Dawa si kukaza nati tu. Weka kigogo kizito chini ya mkono wa pedali, ili pigo lisiziumize gololi za ndani, upige kabari iingie barabara, ndipo ukaze nati. Hapa nyundo ina haki yake. Na ukitaka kuitoa pedali yenyewe, kumbuka kwamba ile ya kushoto ina hesi za kinyume: hufunguliwa kwa kuizungusha upande mishale ya saa inakokwenda. Wengi wameziharibu hesi hizo kwa nguvu zao wakidhani wanafungua, kumbe wanakaza.

Tuje kwenye pancha, adui wa kila siku. Jirani yetu mmoja aliuziba mpira wa ndani mara nne katika juma moja, akailaumu gundi, akamlaumu na mwenye duka. Gundi haikuwa na kosa. Mwiba ulikuwa ungali ndani ya tairi, ukilitoboa tena kila alipotia pumzi.

Anza na vali kabla hujalivua tairi. Baisikeli nyingi za kazi zina vali ya kizamani, yenye kibomba chembamba cha mpira kilichovikwa juu ya sindano yake. Kibomba hicho kikichakaa kwa jua, hewa hutoka polepole usiku kucha, na asubuhi mtu hudhani ametobolewa. Paka mate juu ya vali: yakitoa povu, badili kibomba, na kazi imekwisha.

Kama vali ni nzima, tia alama ya chaki juu ya tairi mahali vali ilipo, ndipo uutoe mpira. Uujaze hewa, uuzamishe katika beseni la maji, ulitafute tundu, kisha uulaze tena juu ya gurudumu kama ulivyokuwa. Tundu litakuonyesha penye kosa. Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, uko mwiba au kipande cha waya: pitisha kitambaa ndani ya tairi, nacho kitanasa (usitumie kidole kitupu). Likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, ni ncha ya spoki iliyochomoza, au utepe wa rimu umesogea. Kata ncha kwa tupa, urudishe utepe. Yakiwa matundu mawili yaliyokaribiana, hapana mwiba. Mpira ulibanwa kati ya jiwe na rimu, kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa na hewa haba. Na mpira ukipasuka penye shina la vali, ni hewa haba vilevile: tairi limeteleza juu ya rimu na kuuvuta mpira. Kwa hiyo pampu nzuri huokoa viraka vingi.

Kuziba kwenyewe si kazi ngumu, ila kunataka subira. Sugua kwa msasa mahali papana kuliko kiraka, futa vumbi, paka gundi nyembamba, halafu ngoja. Ngoja hasa! Dakika tano hivi, mpaka gundi iache kung'aa kwa majimaji. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi hubanduka njiani. Nanyi akina mama, msiseme hiyo ni kazi ya wanaume. Mwenye kujua kungoja unga uumuke anajua kungoja gundi ikauke.

Juu ya mnyororo nina neno moja la ukali: msiupake mawese. Mafuta hayo ni mema chunguni, lakini juu ya chuma huganda, hushika vumbi, na vumbi na mafuta pamoja ni msasa unaosaga usiku na mchana. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, kisha tia tone moja la mafuta mapya ya injini katika kila pingili, ufute yanayobaki nje. Mafuta yaliyokwisha tumika katika motokari hayafai, kwa kuwa yamebeba masizi na chembe za chuma.

Je, mnyororo umechakaa? Mwazime mtoto rula yake ya sentimita 30. Weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu pini 20 mbele yake. Katika mnyororo mpya utapata milimita 254. Ukipata 256 na nusu, ubadili, la sivyo utakula meno ya magurudumu yote mawili, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Watu husema mnyororo “umevutika”. La, chuma hakikuvutika. Pini na matundu yake ndivyo vilivyolika. Na ukiufunga, uache ucheze juu na chini kiasi cha sentimita moja, upime mahali pengi, maana gurudumu la meno si la mviringo kamili sikuzote. Mnyororo unaochomoka mara kwa mara ama umelegea, ama gurudumu la nyuma limefungwa mshazari.

Spoki nazo zipige kwa kijiti, kama nyuzi za gitaa. Ile yenye sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Iliyokatika ibadilishwe upesi, kwa kuwa wenzake wanabeba mzigo wake.

Breki nimeiweka nyuma, si kwa kuwa ni ndogo. Ubovu mwingine hukuchelewesha, bali huu huua. Tazama kama vipande vya mpira vinagusa rimu sawasawa, kama chuma chake hakijaanza kuchungulia, na kama rimu haina mafuta. Tena mjue jambo hili, hasa ninyi mnaokaa kwenye milima kama Bukavu: rimu ya chuma iliyolowa mvua hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za breki, hata kama breki ni mpya. Kabla hujaingia mteremko siku ya mvua, gusa breki kidogokidogo ili uifute rimu. Ikiwa mtoto yuko nyuma yako, au mama mwenye mimba, shuka uikokote. Dakika kumi hizo si hasara.

Halafu simama, ushike breki ya mbele kwa nguvu, uisukume baisikeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo chini ya usukani, gololi zake zimelegea, kaza kwanza kikombe cha juu cha gololi, ndipo ukaze nati ya juu. Lakini kama umeona ufa, hata mwembamba kama unywele, mahali uma wa mbele unapoungana na shina lake, weka chini funguo zako zote. Hapana dawa ya nyumbani kwa ufa huo, wala waya wala kamba ya mpira. Mpelekee fundi, tena kwa miguu, ukiikokota.